Jicho jekundu baada ya homa: mfikirie papasi

Homa imeshuka, mgonjwa amerudi shambani. Siku chache baadaye inampanda tena, na safari hii jicho moja limekuwa jekundu, linauma, halivumilii mwanga na linaona ukunguukungu. Iwe Gitega au Muyinga, nchini Burundi, wengi watasema ni malaria, na jicho litahesabiwa kuwa maradhi mengine. Lakini chanzo cha yote mawili kinaweza kuwa papasi.

Papasi ni kupe laini anayejificha kwenye nyufa za kuta na sakafu za udongo. Usiku hutoka, hunyonya damu na kurudi mafichoni kabla aliyelala hajashtuka. Huambukiza Borrelia duttonii, bakteria mwembamba aliyejisokota, mwenye jina la Joseph Everett Dutton, daktari Mwingereza aliyeichunguza homa hii mashariki mwa Kongo, ikampata mwenyewe, akafariki Kasongo mwaka 1905.

Homa hurudi kwa sababu bakteria huyu hubadilisha protini zake za nje. Kinga ikiwaua wengi, wachache waliojibadilisha huzaliana upya. Katika marudio hayo, duara lenye rangi linalozunguka mboni linaweza kuvimba. Chembe nyeupe za damu huingia kwenye maji ya mbele ya jicho, na uoni hufifia. Bila tiba, duara hilo linaweza kugandamana na lenzi, presha ya jicho ikapanda na mtu akapofuka.

Gitega inazijua homa zinazoenezwa na vidudu vinavyonyonya damu. Mwaka 1997 homa ya chawa, iliyoitwa sutama, ilienea Burundi katika kambi za waliokimbia vita, na watu zaidi ya 45,000 waliugua. Dozi moja ya doksisiklini ilitosha kuitibu. Homa ya papasi nayo hutibika kwa doksisiklini, ila kwa siku kadhaa na chini ya uangalizi, maana saa chache baada ya dozi ya kwanza mgonjwa anaweza kuzidiwa.

Tatizo ni kuitambua. Kipimo cha haraka cha malaria hakimwoni bakteria huyu. Damu iliyochukuliwa homa ikiwa juu, ikapakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini, humwonyesha.

Kwa hiyo homa ikirudi, omba kipimo cha hadubini na umweleze mganga ulikolala. Jicho likiwa jekundu na kuuma, usinunue matone dukani kwa kubahatisha. Muone daktari wa macho mapema, na umwambie kwamba ulikuwa na homa.