Uwiano wa Breki za Mbele na za Nyuma katika Pikapu Zilizoongezwa Springi: Ufafanuzi kwa Mazingira ya Ifakara na Bonde la Kilombero

Utangulizi

Makala haya yanafafanua kwa nini pikapu ya zamani iliyoongezwa springi za nyuma hupoteza uwiano wa breki zake, na namna ya kuurejesha. Mazingira yanayorejelewa ni ya Ifakara, ambako wakati wa mavuno pikapu hubeba mpunga kutoka mashambani hadi kwenye mashine za kukoboa. Ili gari libebe zaidi, fundi huombwa aongeze majani ya springi. Gari huinuka, halilali tena nyuma, na mwenye gari huridhika. Kinachosahaulika ni kwamba katika Toyota Hilux nyingi za zamani, kimo cha sehemu ya nyuma ndicho kinachoamua nguvu ya breki za nyuma.

Uzito na mgawanyo wa breki

Breki inapokanyagwa, uzito huegemea mbele, na magurudumu ya nyuma hupungukiwa mshiko. Tuchukue mfano wa hesabu: pikapu tupu ya kilo 1,600, yenye kilo 880 mbele na 720 nyuma, umbali wa mita 2.85 kati ya ekseli, na kitovu cha uzito kilicho mita 0.7 kutoka ardhini. Likisimamishwa kwa nguvu inayolingana na 0.6 ya mchapuko wa graviti, takriban kilo 236 huhamia mbele. Nyuma hubaki kilo 484, yaani asilimia 30 ya uzito wote.

Sasa tupakie magunia 10 ya kilo 100, mengi yakiwa karibu na ekseli ya nyuma, na kitovu cha uzito kipande hadi mita 0.9. Katika usimamishaji uleule, nyuma hubaki takriban kilo 1,174 kati ya 2,600, yaani asilimia 45. Hivyo basi, breki za nyuma zinazofaa gari tupu ni dhaifu kwa gari lenye mzigo, na zinazofaa mzigo ni kali mno kwa gari tupu. Gunia likifungwa lumbesa, tofauti huongezeka bila dereva kuijua.

Kazi ya vali ya mzigo

Watengenezaji walilitatua tatizo hilo kwa vali iliyofungwa kwenye chasisi na kuunganishwa na ekseli ya nyuma kwa wenzo. Katika makala haya itaitwa vali ya mzigo. Mzigo ukikandamiza springi, chasisi huikaribia ekseli, wenzo husogea, na vali huruhusu kanieneo kubwa zaidi la mafuta kwenda nyuma. Gari likiwa tupu, vali hulipunguza.

Springi zikiongezwa, chasisi hubaki juu hata gari likiwa limejaa, na vali hulichukulia kuwa tupu. Breki za mbele hubebeshwa kazi ya breki zote. Kwenye tambarare ya Ifakara kosa hili hujificha. Kwenye miteremko ya kutoka Mahenge hujitokeza. Diski hupata moto, na mafuta ya breki yaliyokwisha kunyonya unyevu huweza kuchemka. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakilowa, kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 140. Mvuke ukijaa kwenye mabomba, pedali huzama bila breki kushika.

Baadhi ya mafundi huiondoa vali na kuunganisha bomba moja kwa moja. Tiba hii huzaa hatari ya pili. Gari likirudi tupu wakati wa mvua, magurudumu ya nyuma hugoma kuzunguka kabla ya yale ya mbele, na gari hugeuka ubavu. Yakigoma ya mbele kwanza, gari halikati kona, lakini huendelea kunyooka. Kwa sababu hiyo ya mbele ndiyo yanayotakiwa kutangulia.

Kurejesha uwiano

Kwanza, kasoro za kawaida ziondolewe: viatu vya breki za nyuma vikaribishwe kwenye ngoma, silinda zisivuje, tairi ziwe za saizi moja, na wenzo wa vali usiwe umeganda kwa tope.

Pili, gari likiwa tupu mahali tambarare, ufito wa wenzo urekebishwe hadi wenzo urudi kwenye pembe iliyokuwapo kabla ya springi kuongezwa. Ni vyema pembe hiyo ipimwe kabla ya kazi kuanza.

Tatu, springi ngumu hubonyea kidogo, hivyo pembe pekee haitoshi. Kanieneo lipimwe kwa geji mbele na nyuma, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo.

Nne, jaribio lifanyike uwanjani kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, bila abiria, kwenye ardhi kavu na kisha mbichi, msaidizi akitazama kwa mbali magurudumu yapi yanatangulia kugoma.

Hitimisho

Ikiwa vipimo vinaonyesha kwamba vali haiwezi kukidhi hali zote mbili, majani yaliyoongezwa yapunguzwe na mzigo urudi kwenye kiwango cha mtengenezaji. Mwenye gari atapoteza magunia machache kwa safari. Hasara hiyo ni ndogo, kwa kuwa juu ya magunia hayo mara nyingi huketi wakulima wenyewe, ambao hawana namna ya kujua kilichobadilishwa chini ya gari.