Usimtoroke Mtoto Mlangoni pa Shule

Kila mwezi wa Januari, shule zinapofunguliwa, milango ya shule za chekechea humu Kenya hujaa vilio. Mtoto wa miaka minne anayeanza darasa la PP1 amelishika gauni la mama kwa mikono miwili, wala hataki kuliachilia. Mama amechelewa kazini. Ndipo jirani humnong'oneza: "Ngoja ageuke, halafu ujiendee polepole." Shauri hilo hutolewa kwa nia njema, lakini leo tungependa tuonyeshe kwamba si shauri jema.

Kwanza tufahamu kwa nini mtoto analia. Halii kwa ukaidi. Yeye hajui saa. Ukimwambia utarudi saa sita, kwake ni kama kusema utarudi mwakani. Anachojua ni kwamba yule anayemtegemea anaondoka, naye anabaki kati ya wageni.

Mwaka wa 1954 na 1955 mtaalamu mmoja, Mary Ainsworth, alizitembelea familia 26 za Waganda karibu na Kampala, akiwatazama akina mama na watoto wao wadogo. Aliona kwamba mtoto mwenye hakika na mama yake hakumng'ang'ania wakati wote. Alitambaa mbali, akachunguza vitu, akarudi kwa mama kidogo, kisha akaenda tena. Kumbe ujasiri wa mtoto huanzia katika hakika aliyo nayo juu ya mzazi.

Basi mzazi akitoroka, hakika hiyo hutikisika. Mtoto hugeuka na kukuta nafasi tupu. Kesho yake hatathubutu kugeuka tena. Wenzake wataimba na kufinyanga udongo, naye atakuwa akiulinda mlango.

Tufanye nini basi? Siku chache kabla ya kufungua, tumpeleke mtoto aione shule, amsalimu mwalimu, ajue choo kiko wapi. Asubuhi ile tumkabidhi mwalimu mkono kwa mkono, tumwage kwa maneno machache, kisha tuondoke. Tusirudi-rudi dirishani kuchungulia. Watoto wengi hunyamaza muda mfupi baada ya mzazi kwenda zake.

Badala ya kumtajia saa, tumtajie mambo anayoyajua: "Mtakunywa uji, mtacheza, mtaimba, kisha nitakuja." Tukisema hivyo, tuwepo. Ikiwa nyanya au shangazi ndiye atakayekuja kumchukua, tuseme ni yeye. Tusimdanganye kwamba tunakwenda dukani kumnunulia peremende.

Tena tusimtishe kwa kusema, "Mwalimu atakuchapa." Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inakataza kumpiga mwanafunzi, na mwalimu tunayemfanya kitisho nyumbani hawezi kuwa kimbilio shuleni. Jioni mtoto akiwa mwepesi wa kulia, au hata akikojoa kitandani baada ya kuacha tabia hiyo, asichekwe wala asipigwe. Moyo wake umefanya kazi nzito siku hiyo. Lakini majuma yakipita na kilio hakipungui, tukae na mwalimu, tumsikilize na mtoto pia, maana huenda iko sababu.

Katika kitabu cha kwanza cha Samweli tunasoma habari za Hana. Alipokwisha kumwachisha mwanawe ziwa, alimpeleka Shilo, akamwacha chini ya uangalizi wa kuhani Eli. Lakini hakumsahau. Kila mwaka alimshonea kanzu ndogo, akampelekea. Fikirini jambo hilo: ili kanzu imtoshe mtoto, ilimpasa mama kuwaza jinsi alivyokua tangu mwaka uliopita. Samweli aliachwa, lakini hakutupwa, na kanzu ile ilimwonyesha hivyo kila mwaka.

Sisi hatuachani na watoto wetu mwaka mzima, ni asubuhi moja tu. Hata hivyo, mtoto huyu atafundishwa kanisani kwamba Mungu hutimiza ahadi zake. Maana ya ahadi ataanza kujifunza kwetu, pale mlangoni pa shule, atakapoinua macho baada ya wimbo wa mwisho na kuona kwamba tumekuja kama tulivyosema.

Bwana awabariki ninyi na watoto wenu.