Je, Wajua? Wimbi la Ziwani, Wimbi la Jikoni

Neno wimbi lina maana mbili zisizo na undugu. Moja hupiga ufuko wa Ziwa Tanganyika. Nyingine ni nafaka, punje nyekundu, ndogo kuliko kichwa cha kiberiti, ambayo wengi tunaiita ulezi. Husagwa kwa ajili ya uji, huchachushwa kuwa pombe. Suke lake hukunjika kama vidole vya mtoto aliyelala.

Tuondoke ziwani twende Buhigwe, wilaya ya milimani iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012. Huko kila mwendo una kitenzi chake: upepo ukivuma, suke la wimbi huyumba na bendera hupepea. Msimamo nao huyumba, na asiyeamua husita. Mkono wa kuaga, kwa utamu wa Kiswahili, hupungwa: msafiri wa Manyovu, wilayani humo, hupungiwa mpaka basi lipotee kilimani.