Maumivu Yanapohama Kitovuni

Mtu akiugua kidole tumbo, mara nyingi hashiki upande wa kulia kwanza. Anashika kitovu. Tumbo linanyonga, hamu ya kula inakata, kichefuchefu kinamwandama, na nyumbani wanasema ni gesi, au chango, au ule wali wa jana. Saa kadhaa baadaye maumivu yanashuka chini kulia, na sasa ni makali kiasi kwamba akikohoa tu anajikunja.

Kuhama huko kuna sababu. Utumbo hausikii kukatwa, husikia kutanuka. Kidole tumbo, kijifuko chembamba chenye urefu wa sentimita 9 hivi, kikiziba na kuvimba, mishipa yake ya fahamu hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo palepale zinapofikia taarifa za ngozi ya kitovu, na ubongo unashindwa kuzitenganisha. Uvimbe ukifika kwenye utando uliofunika ukuta wa ndani wa tumbo, mambo hubadilika, kwa sababu utando huo unajua hasa unapoumia. Mwaka 1889 daktari mpasuaji Charles McBurney wa New York alieleza sehemu hiyo: kwenye mstari kutoka ncha ya mfupa wa nyonga ya kulia hadi kitovuni, theluthi moja ya njia. Madaktari bado hubonyeza hapo. Lakini mtoto mdogo huenda asionyeshe dalili kwa mpangilio huo, na kwa mjamzito kizazi kinachokua huweza kukisukuma kidole tumbo juu.

Ninachokihofia zaidi ni nafuu ya ghafla. Kidole tumbo kikipasuka, mgonjwa huweza kupata ahueni, ndugu wakashukuru Mungu na kuahirisha safari ya hospitali. Kumbe usaha unasambaa. Baadaye tumbo lote linakuwa gumu kama ubao na homa inapanda. Ndiyo maana kumpa haluli mtu anayeumwa tumbo bila kujua chanzo ni hatari: utumbo unaosukumwa kwa nguvu huweza kuharakisha mpasuko huo.

Maumivu mengi ya tumbo hayafiki huko. Ya gesi, ya kuhara na ya hedhi huja na kuachia, kisha huisha. Yasiyoachia kwa saa kadhaa, au yanayozidi, yanahitaji daktari siku hiyohiyo. Usisubiri hata kidogo ukiona matapishi ya kijani au ya damu, choo cheusi kama lami, au tumbo lililojaa huku choo na hewa havitoki.

Na mwanamke aliyekosa hedhi, anayeumwa chini ya tumbo upande mmoja na kuhisi kizunguzungu, apelekwe hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane. Mimba iliyotunga nje ya kizazi huvujisha damu ndani kwa ndani, na wakati mwingine maumivu husikika begani, kwa kuwa damu hiyo imegusa kiwambo kinachotenga kifua na tumbo. Mwambieni daktari tarehe ya hedhi yake ya mwisho kabla hajauliza.