Kuziba mikunjo ya magego ya mtoto

Mtoto afikapo umri wa miaka 6 hivi, magego ya kwanza ya kudumu huchomoza nyuma ya meno ya utoto. Kwa kuwa hakuna jino ling'okalo kuyapisha, wazazi wengi huyadhania kuwa ya utoto, wasiyajali. Nayo huoza upesi, maana mikunjo yake ni myembamba hata unywele wa mswaki haufiki chini.

Daktari wa meno aweza kuijaza mikunjo hiyo kwa utomvu mwepesi ugandishwao kwa mwanga, bila sindano wala kuchimba jino. Tafiti zaonyesha kuwa pale ambapo magego 40 kati ya 100 yangeoza sehemu ya kutafunia katika miaka 2, yakizibwa huoza 6 hivi. Aina ya sementi haijathibitika kiasi hicho. Utomvu haulindi kati ya jino na jino, tena huweza kubanduka. Basi ukaguliwe, na mtoto apigishwe mswaki kwa dawa yenye floraidi asubuhi na usiku.

Hapa Hallunda, kama kote Uswidi, matibabu ya meno ya watoto hayalipiwi. Si kila mtoto huhitaji kuzibwa. Muulize daktari wa Folktandvården, na ukihitaji, omba mkalimani wa Kiswahili unapoweka miadi.