Seva Iliyofutiwa Mafaili Isizimwe Haraka

Tuseme shule ya sekondari huko Mbagala, wilayani Temeke, inaweka alama za mitihani katika seva moja ya mfumo wa Linux. Mwalimu mwenye mamlaka yote ya mashine anakusudia kufuta mafaili ya zamani. Kumbe yumo katika saraka kuu. Anaamuru kila kilichomo kifutwe, na anapotanabahi na kuisimamisha amri, saraka za boot na etc, zenye kiini cha mfumo na orodha ya watumiaji, zimekwisha kutoweka. Afanye nini?

Wengi watakimbilia kuizima mashine na kuiwasha upya, nayo haitaamka tena. Sasa hivi inafanya kazi kwa sababu kiini kilikwisha kupakiwa katika kumbukumbu yake. Kufuta faili ni kuondoa jina lake katika saraka, mfano wa kuchana ukurasa wa daftari la stoo huku magunia yakiwa yangali ndani. Hata programu iliyofutwa jina huendelea kutenda kazi maadamu haijafungwa. Umeme ukikatika (na kwetu hukatika bila hodi!) hayo yote hupotea.

Katika Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, tarehe 1 Oktoba, 1986, kompyuta ya VAX ilipatwa na mkasa wa namna hii. Programu za kawaida zilifutwa, hata ile ya kuunda saraka. Lakini mtu mmoja alikuwa bado ameifungua programu ya kuandikia iitwayo Emacs. Mario Wolczko na wenzake walitunga programu fupi ya kuibadili saraka ya tmp jina iwe etc, wakaitafsiri kuwa lugha ya mashine katika VAX nyingine, kisha wakaiingiza kwa mkono kupitia Emacs, tarakimu kwa tarakimu. Ndipo njia ya kurudisha mafaili mengine ilipofunguka.

Mwalimu wetu ana nafuu. Amri yake ilifuata alfabeti, kwa hiyo saraka ya home, yenye alama, haikufikiwa. Asitoke katika mfumo, kwani pengine hataweza kuingia tena, wala asiandike lolote katika diski ile, maana nafasi za mafaili yaliyofutwa zitafunikwa. Achomeke diski ya nje, anakili alama kwanza. Saraka ya etc atairudisha kutoka nakala ya akiba. Ya boot aweza kuijenga upya kwa diski ya kusimikia toleo lile lile. Baada ya hapo ndipo aizime.