Kwa nini ushuru wa mafuta hubadilika

KILA tarehe 14 ya mwezi, Wakenya husubiri tangazo la Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, kuhusu bei mpya za mafuta. Wengi hutarajia kwamba bei ikishuka katika soko la dunia, itashuka vivyo hivyo kwenye vituo vya petroli. Mara nyingi hawaoni hivyo, na ushuru ni mojawapo ya sababu.

Ushuru wa mafuta ni wa aina mbili. Aina ya kwanza hutozwa kwa kila lita, pipa la mafuta liwe ghali au rahisi. Humo mna ushuru wa bidhaa na ada ya kukarabati barabara. Mafuta yakiwa rahisi, tozo hizi hazipungui hata senti moja.

Aina ya pili hutozwa kwa asilimia ya thamani, na mfano wake mkuu ni VAT. Kwa kiwango cha asilimia 16, mafuta ya thamani ya Sh100 hutozwa Sh16. Thamani ikifika Sh120, kodi huwa Sh19.20. Hivyo basi, mwananchi anapoumizwa na bei, hazina ya serikali huongeza mapato kutoka kwa kila lita.

Tozo ya lita ina udhaifu wake. Gharama ya lami na kokoto hupanda kila mwaka, ilhali shilingi zinazotozwa husalia zile zile hadi kiwango kibadilishwe. Ndiyo maana ada ya barabara iliongezwa kutoka Sh12 hadi Sh18 mwaka wa 2016, kisha ikafika Sh25 mnamo Julai 2024.

Wakati mwingine lengo huwa si mapato pekee. Mwaka wa 2018, mafuta taa yaliwekewa tozo ya Sh18 kwa lita ili kuwazima wafanyabiashara waliokuwa wakiyachanganya na dizeli kwa kuwa yalikuwa ya bei nafuu. Hatua hiyo, hata hivyo, ilimwongezea mzigo maskini anayeyategemea kwa taa na jiko.

Siasa nazo zina nafasi yake. Sheria ya mwaka wa 2013 iliruhusu VAT kutozwa mafuta, lakini utekelezaji ukaahirishwa hadi Septemba 2018. Ilipoanza kwa asilimia 16, wasafirishaji wa mafuta waligoma na vituo vingi vikakauka. Wiki chache baadaye, Rais Uhuru Kenyatta aliidhinisha asilimia 8. Mnamo Julai 2023, chini ya Rais William Ruto, kiwango kilirejeshwa hadi asilimia 16 licha ya pingamizi za upinzani.

Asiyemiliki gari hajaepuka. Yeye hulipa ushuru huo kupitia nauli ya matatu, bei ya unga na gharama ya kulimiwa shamba kwa trekta.